Mama Fuko na Mila Iliyoanza Jumanne

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni iingie!
Ina tope miguuni!
— Iingie hivyo hivyo!
Ikichafua mkeka?
— Mkeka utakung'utwa!

Haya, isogezeeni nafasi ikae.

Usiku mmoja, usiku wa manane kabisa, hata vyura wamechoka kugombana, Mama Fuko alisikia ndi! Akatulia. Akasikia tena, ndi! ndi! ndi! Haikutoka juu, maana fuko anaishi chini ya ardhi na paa lake ni hapa hapa tunapokanyaga sisi, za juu ameshazizoea. Ilitoka ubavuni, upande wa kisima, ndi! ndi! ndi!, kama mtu mzito anashindilia udongo kwa mguu na hataki mtu ajue.

Mama Fuko alikuwa mama kijana, na alikuwa mwoga, tuseme ukweli, mwoga hasa. Wengine wakiogopa hunyamaza. Yeye akiogopa alisema, maneno yakamtoka mbiombio kama kunde zinazomwagika guniani, hujaokota hili lile limeshafika uvunguni. Alikuwa na watoto watatu wa kike, na kwa kuwa fuko hana pa kuzalia ila gizani, wote watatu aliwaita Chausiku. Chausiku Mkubwa, Chausiku wa Kati na Chausiku Mdogo. Majirani walimwita Mama Chausiku na hawakukosea hata mara moja.

"Mama, nini hiyo?" aliuliza Chausiku Mdogo.

"Si kitu, lala, ni radi. Hapana, si radi, kiangazi hiki radi itoke wapi, ni nazi imeanguka, lala mwanangu. Lakini sisi hatuna mnazi. Lala tu, usiniulize, na mimi mwenyewe najiuliza."

Ndi! ndi! ndi! Kisha kimya.

Asubuhi akachukua kibuyu chake, akaingia njia yake ya chini iendayo kisimani. Hatua kumi, ishirini, pua yake ikagonga jiwe. Jiwe juu ya jiwe, na katikati udongo umeshindiliwa, na kwenye udongo alama za kwato. Njia imezibwa.

Sasa, kisima kile msidhani kilijichimba. Miaka miwili nyuma ukame ulipiga, wanyama wakakusanyika wakaulizana nani atachimba, kila mmoja akatazama kucha zake kama ndiyo kwanza anaziona. Bwana Ngiri, mwenye meno marefu kuliko wote, akasema mgongo unamsumbua. Aliyeingia shimoni ni Mama Fuko, na mimba yake, siku arobaini, meno na kucha, mpaka maji yakatoka. Wakacheza ngoma siku tatu. Bwana Ngiri akapanda juu ya kichuguu akahutubia. "Tumechimba!" alisema, na kwato zake hazina hata vumbi. Wakampigia makofi, wakamfanya mwenyekiti.

Basi asubuhi hiyo ikabidi Mama Fuko apite juu, juani, na jua linamchoma macho. Akafika, akakuta foleni ndefu ya vibuyu. Wa mwisho alikuwa Kanga, jirani yake, ambaye walipeana chumvi na umbeya tangu mwaka juzi.

"Mwenzangu, hujambo?"

Kanga akaruka. "Kra-kra-kra! Hapo hapo! Usisogee, nimekoga!"

"Kukoga umeanza leo? Mbona jana tumeketi pamoja?"

"Jana ilikuwa jana. Usinielewe vibaya, Mama Chausiku, mimi na akina Fuko ni damu damu, waulize watu, mwanangu alipokataa kula si wewe uliyemchimbia funza? Mimi moyoni sina neno kabisa. Ila ndiyo hivyo tena, mila."

"Mila gani?"

"Mila ya kale."

"Ya tangu lini?"

"Tangu jana, Jumanne. Tulikaa kikao."

"Mbona sikuitwa?"

"Ungeitwaje na wewe? Kilikuwa kikao cha wasafi."

Kumbe juu ya kichuguu kasimama Bwana Ngiri mwenyewe, ametoka kugaagaa bwawani kwake, bwawa alilojaziwa maji ya kisima kile kile, ametapakaa tope kuanzia pua mpaka mkia. Akakohoa.

"Ndugu wananchi! Kama mababu zetu walivyosema, na kama tulivyokumbuka jana, akina Fuko ni najisi! Wanakaa udongoni, wanalala udongoni, wananuka udongo!"

Tope likamdondoka sikioni, pwa! Hakuna aliyeliona. Yaani kila mtu aliliona na hakuna aliyeliona.

"Samahani Mwenyekiti," akauliza Nyani, maana Nyani haishi maswali, "na hilo lako?"

"Hili?" Bwana Ngiri akajipangusa kidogo, kwa madaha. "Hili ni tope la heshima. Tope la heshima haliitwi tope. Linaitwa pambo."

"Aaah," wakasema wote. "Pambo."

Ikatangazwa kwamba kuanzia siku hiyo kila anayekuja kisimani atanuswa kwanza. Mama Fuko akanuswa, fff, fff, fff. "Udongo!" wakapiga kelele. Akanyang'anywa zamu. Akaambiwa ifikapo Ijumaa awe amehama, yeye na Chausiku wake wote, wavuke kilima waende huko wanakokaa wachafu wenzao.

"Na viazi vikuu alivyoweka ghalani kwake," Bwana Ngiri akaongeza, akalamba mdomo bila kujijua, "vitabaki hapa, kwa ajili ya wasafi."

"Viazi vyangu?" Mama Fuko akauliza. "Vya kiangazi? Vya watoto?"

"Kiazi hakina kosa, mama. Kiazi kimezaliwa safi."

Akarudi nyumbani na kibuyu kitupu. Huko chini joto, watoto wamekauka midomo, maziwa kifuani hamna kitu. Chausiku Mdogo alikuwa analamba ukuta, pale penye unyevu kidogo, analamba, anapumzika, analamba. Mama Fuko akalia. Alilia kidogo tu akaacha, maana machozi nayo ni maji.

Akaanza kuzunguka ghalani, mbele nyuma, mbele nyuma, anasema peke yake. "Tutakwenda wapi, kilimani kuna mwamba mtupu, nitachimba wapi mimi, na hawa hawafiki hata nusu ya njia, na viazi navyo, viazi nilivyochimba kwa kucha zangu, nikavibeba mdomoni kimoja kimoja, eti havina kosa, mimi najisi lakini kiazi nilichokiweka mdomoni..."

Akasimama.

Akakitazama kiazi. Akakishika. Akakilamba.

"Eti havina kosa," akarudia, polepole safari hii.

Jioni kulikuwa na baraza pale kichuguuni. Mama Fuko akaenda. Akasimama mbali kabisa, upande upepo unakokwenda ili asiwanukie.

"Shikamoo mzee wangu."

Bwana Ngiri akafikiri kama shikamoo ya najisi inapokewa. "Marahaba ya mbali," akajibu.

"Mzee, sikuja kubisha, mimi nani nikubishie wewe, nimekuja kujifunza. Mimi mjinga, mimi mwoga, nisije nikaondoka Ijumaa nikakosea mila njiani nikawaharibia watu wasafi, nitajisikiaje mzee wangu, sitalala. Basi nifafanulie. Mimi najisi. Sawa. Na nikimgusa Kanga?"

"Kanga najisi!" akasema Bwana Ngiri.

"Kra!" akasema Kanga.

"Na nikigusa jiwe, nikaenda zangu, halafu Kanga akaja akakalia lile jiwe?"

Hilo Bwana Ngiri hakuwa amelifikiria. Lakini watu wote wanamtazama, na mwenyekiti hawezi kusema ngoja nikafikiri, atakuwa mwenyekiti gani? "Jiwe najisi! Kanga najisi!"

"Najisi!" wakaitikia watu. Kumbe kuitikia ni kutamu.

"Jiwe likinyeshewa mvua, mzee, si linatakata?"

"Halitakati!"

"Halitakati!" wakaitikia.

"Kwa muda gani, mzee? Siku tatu?"

"Siku tatu?" Bwana Ngiri akacheka, watu wakacheka, akanogewa. "Vizazi saba!"

"Vizazi saba!" Makofi, vigelegele, Kobe akajigonga gamba, ko! ko! ko!

"Na wewe mwenyewe, Mwenyekiti? Nimesikia wakubwa haviwapati vitu hivi."

"Nani kasema? Mimi vinanipata kuliko wote! Mimi ndiye msafi kuliko wote, kwa hiyo uchafu unaniingia haraka kuliko wote!"

Walishangilia mpaka vumbi likapanda. Mama Fuko akangoja likashuka.

"Ahsante mzee wangu, ahsante sana, Mungu akuzidishie, sasa nimeelewa. Basi naomba radhi kwa kile kisima."

"Kisima kimefanya nini?" akauliza Bwana Ngiri.

"Nilikigusa."

"Wapi?"

"Kote. Mzee, si nilikichimba mimi? Siku arobaini, kila ukuta mnaouona mle nimeutafuna kwa meno haya. Nilitoka jasho mle. Nilitema mate mle. Na huyu Chausiku Mkubwa, mniwie radhi mbele ya watu wazima, uchungu ulinishika mle mle chini, na maji yalikuwa bado hayajatoka, basi nikajifungulia palepale, pale kata zenu zinapogusa ngazi ya tatu. Mnywaji gani hajanywa hapo? Nimesema nitubu, isije ikasemwa Mama Chausiku alijua akanyamaza."

Jamani! Kanga alipiga kelele moja, manyoya matatu yakamtoka. Nyani akatema mate, twu! twu! twu!, akakumbuka mate yenyewe ni maji ya kisima, akayakimbia. Kobe akaingiza kichwa ndani. "Mimi sijanywa," ikasikika sauti yake humo gambani. "Nilikuwa nasukutua tu."

"Na vile viazi, mzee," Mama Fuko akaendelea, kwa kuwa hofu ilikuwa bado inamsukuma maneno, "nimevibeba mdomoni. Vyote. Na leo, kwa wasiwasi, nimevilamba upya."

Tumbo la Bwana Ngiri likalia, nguruuu.

"Sasa sisi," Nyani akauliza taratibu, "sisi sote ni akina Fuko?"

"Kwa upande wa maji," akajibu Kobe.

Ikabidi wajadili. Walijadili mpaka nyota zikatoka. Wakaamua hivi: waliokunywa zamani wamesamehewa, kwa sababu ni wote. Lakini kuanzia usiku huo kisima ni mwiko, na atakayeonekana analamba hata tone moja, huyo ni Fuko kamili, yeye na vizazi saba, avuke kilima. Watakunywa umande.

"Na huyu je?" Kanga akamwoneshea Mama Fuko bawa. "Ijumaa nani atamtoa?"

Kumtoa ni kumshika. Watu wakarudi nyuma hatua mbili, wakamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama mwezi.

"Atatoka mwenyewe."

"Nitatoka, mzee, mimi nani nikatae? Nitapita ile njia kubwa, mimi na wanangu, miguu kumi na sita, tunaikanyaga yote mpaka kilimani. Au nipite kwenye majani mnakolisha watoto?"

"Usipite njiani!" wakapiga kelele. "Wala majanini!"

"Basi nipite wapi?"

Bwana Ngiri akatazama njia, akatazama majani. "Usipite popote! Kaa hapo hapo ulipo! Na usiguse kitu!"

"Kama ulivyosema, mzee," akajibu Mama Fuko, na akaenda zake nyumbani mbio, mwoga vilevile.

Usiku ule kisimani hapakuwa na foleni. Hapakuwa na wa kunusa. Mama Fuko aliwashusha wanawe mmoja mmoja, wakanywa, gubu gubu gubu, wakanywa mpaka wakashikwa na kwikwi. Chausiku Mdogo aliyekuwa analamba ukuta akatumbukiza kichwa chote, akatoka anacheka, akatumbukiza tena.

Alhamisi jua liliwaka. Umande ulikuwa wa kutosha mdudu mmoja mwenye kiasi. Usiku ukaingia, Mama Fuko yuko kisimani anachota, akasikia, tip, tip, tip.

"Nani?"

"Si mtu."

"Mbona sauti ya Kanga?"

"Ni upepo."

"Upepo umebeba kibuyu?"

Halafu, kwa sauti ndogo isiyofanana kabisa na ile ya mchana, "Mwenzangu. Watoto wangu wamekauka. Mdogo analamba gamba la yai lake."

Mama Fuko alikuwa ameandaa maneno, tena makali, alikuwa ameyapanga tangu Jumatano. Aliposikia kulamba yakamwishia. Akasogea pembeni.

"Chota. Lakini kwanza unisalimie."

"Hapa? Tuko gizani."

"Hapa hapa. Kwa jina."

Kanga akatazama huku na huku. "Hujambo, Mama Chausiku."

"Sijambo, mwenzangu. Chota mpaka juu."

Kanga akachota, akanywa, akachota tena. "Hujaniona," akasema.

"Sijakuona."

"Usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu mwingine."

Kanga ameondoka, tip, tip, tip. Punde si punde, chakwa, chakwa, ni Swala na kibuyu. "Hujaniona." "Sijakuona. Nisalimie." Ametoka Swala, Nyani huyo anashuka mtini. "Hujaniona." "Sijakuona. Nisalimie." Ikafika mahali Mama Fuko akaingiwa na hofu wasije wakagongana kibuyu kwa kibuyu pale gizani, wakafa kwa aibu, ikabidi awapangie zamu. Kanga mwezi ukichomoza, Swala ukiwa kichwani, Nyani ukianza kushuka. Kobe akaambiwa aanze safari alasiri. Na kila mmoja alijua ni yeye peke yake.

Mchana sasa ndiyo ilikuwa raha kuwatazama. Walikuja barazani wamejipaka majivu midomoni, waonekane wamekauka. Wanayumba. Wanashikana. Kanga alikuwa anazirai mara mbili kwa siku, na alichagua pa kuzirai, chini ya kivuli.

"Tangu tuache maji yale," Nyani alisema, "najisikia mwepesi."

"Mimi hata kiu yenyewe nimeisahau," akasema Swala, akacheua maji kidogo, akayameza haraka.

"Akina Fuko?" akauliza Bwana Ngiri.

"Najisi!" wakaitikia, tena kwa nguvu kuliko mwanzo, kila mmoja akijitahidi sauti yake isikike kuliko ya mwenzake.

Mwenye kiu ya kweli alikuwa mmoja. Bwana Ngiri alikuwa amejisifu mbele za watu kwamba yeye ndiye msafi kuliko wote, sasa atakunywa vipi? Bwawa lake la kugaagaa likakauka, hakuna wa kulijaza. Ulimi ukawa kama kipande cha gome. Na lile pambo la heshima nalo likamkaukia mwilini, likawa gumu, likaanza kupasuka kila akitembea, ka! ka! ka!, watu wakadhani ni mifupa, wakampa pole.

Usiku wa tano, mwezi ndiyo kwanza unachomoza na Kanga bado hajafika kwenye zamu yake, Mama Fuko akasikia.

Ndi! ndi! ndi!

Aliijua. Ni ile ile ya Jumanne, mguu ule ule mzito usiotaka kujulikana. Akawasukumia Chausiku wote nyuma ya jiwe. "Kimya, msikohoe, msipumue, au pumueni lakini kidogo kidogo." Mwenyewe akajibana ukingoni.

Bwana Ngiri alikuja amejificha. Alijificha vizuri, alitembea ameinama kwenye majani, ila mkia. Mkia wa ngiri akitembea na haraka zake husimama wima, haumsikii mwenyewe, basi ukawa unakuja peke yake juu ya majani, kwenye mbalamwezi, kama bendera. Akafika ukingoni. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Sasa ngiri naye kaumbwa hivi, shingo fupi, hawezi kufikia maji mpaka apige magoti ya mbele. Akapiga magoti, ka! ka! Akashusha pua.

Pua ikakutana na pua.

"Shikamoo mzee," akasema Mama Fuko.

"Nani!"

"Mimi, najisi."

"Mimi..." Bwana Ngiri akameza mate asiyokuwa nayo. "Mimi nimekuja kukagua."

"Kagua, mzee. Kwa magoti?"

"Nakagua kwa karibu."

Mama Fuko alikuwa anatetemeka mpaka maji yanafanya vimawimbi. Lakini nyuma ya jiwe alisikia Chausiku Mdogo anajizuia kukohoa, akakumbuka ule ukuta, na maneno yakaanza kumtoka.

"Kagua, mzee wangu, maji ni ya watu wote, mimi nani nikuzuie, ila kuna jambo dogo, naogopa hata kulisema, nalisema. Ile njia yangu ya chini, imezibwa mawe. Wanangu hupita pale. Juu huku jua linawaumiza macho."

"Asubuhi nitatuma watu waifungue."

"Watu gani, mzee? Si watakuuliza mimi na wewe tumezungumzia wapi?"

Bwana Ngiri akafikiri. Maji yako pale, mbele ya pua, yanang'aa. Akafikiri tena. Akanyanyuka, akaenda penye mawe yake mwenyewe, akaingiza yale meno marefu. Kwaru! kwaru! kwaru! Alichimba mpaka mwezi ukavuka kichwa. Kila jiwe aliloliingiza yeye alilitoa yeye, kwato zikajaa udongo, masikio yakajaa udongo, puani udongo.

"Kumbe kuchimba ni kazi," akasema, anahema.

"Kidogo," akasema Mama Fuko.

Akarudi ukingoni, akapiga magoti tena.

"Bado salamu, mzee."

"Salamu ya nini?"

"Mimi nimekuamkia, hukuniitika. Na wewe hujanijulia hali, wala wanangu."

Kiu ni kitu kibaya. "Marahaba," akasema Bwana Ngiri, kwa karibu safari hii. "Hujambo, Mama Chausiku. Watoto hawajambo?"

"Hatujambo!" zikajibu sauti tatu nyuma ya jiwe.

Akanywa. Gubu gubu gubu gubu. Alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, pambo la heshima likalowa, likamdondoka lote, na chini yake hamkuwa na mwenyekiti mkubwa sana.

"Na viazi vyangu, mzee?"

"Viazi gani? Vile vichafu? Kaa navyo." Akajinusa bega, fff. Akajinusa la pili, fff, fff. Akashtuka. Alinuka udongo. Alinuka Fuko, Fuko wa kupigiwa mfano. "Mama Chausiku," akasema, na sasa anayetetemeka ni yeye, "hujaniona."

"Sijakuona."

"Usimwambie mtu!"

"Sitamwambia mtu mwingine."

Bwana Ngiri akaondoka anatambaa, na mkia wake wima nyuma.

Sasa, kuchimba kwake kulikuwa kumechelewesha zamu zote. Nyuma ya kichaka hiki alikuwa Kanga na kibuyu. Nyuma ya kichaka kile Swala. Mtini Nyani. Kobe, masikini, ndiyo kwanza anafika, alikuwa katikati ya njia, kajigeuza jiwe. Wote walikuwa wamemwona Mwenyekiti wao kapiga magoti mbele ya Mama Fuko anawajulia hali watoto. Wote! Na hakuna aliyesema kitu, si usiku ule wala kesho yake, kwa sababu ukisema nilimwona, utaulizwa wewe ulifuata nini.

Asubuhi baraza likakaa kama kawaida. Midomo majivu. "Akina Fuko?" akauliza Bwana Ngiri, hajamtazama mtu usoni. "Najisi!" wakaitikia, hawajatazamana. Na mchana ule njia ya chini ikawa wazi, na Chausiku Mdogo akapita humo mara kumi na mbili kwenda na kurudi, bila sababu yoyote, akiimba.

Sheria ile haijafutwa mpaka leo. Ipo, inaheshimiwa na wote, mchana. Ndiyo maana wanyama wengi wanakwenda majini usiku. Waulize, watakwambia mchana kuna joto.

Funzo la ngano hii, wanangu, mliweke vizuri kichwani: heshimuni mila, hasa zile za Jumanne. Kaeni mbali na wachafu. Na mkitaka kumjua mchafu ni nani, msihangaike kunusa, mtafuteni yule aliyewachimbia kisima.

Hadithi inaondoka!
— Na tope lake!
Imekaa kwenye mkeka wetu!
— Tutaukung'uta gizani!
Imetusalimia kwa jina!
— Tumeitikia kwa jina!
Na mkiulizwa kesho mchana, mliiona?
— Hatukuiona!
Na mkibanwa sana?
— Hatutamwambia mtu mwingine!